Watoto wa kiume wakifa mfululizo, tusikimbilie kumshitaki mama

Kwenye matanga ya mtoto, mara nyingi hata kabla ya mazishi, swali huanza kuzunguka chini chini: nani amemla? Akiwa ni mtoto wa kiume wa pili au wa tatu kufa katika nyumba ile ile, macho yote yanamgeukia mama. Wengine wanampeleka kwenye chumba cha maombi ili aungame. Wengine wanamrudisha kwao.

Ila kuna ugonjwa unaofanya kazi hivyo hivyo, na hauna uchawi ndani. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanaume ana moja tu. Jeni inayoitwa IL2RG, iliyo kwenye X, ikiharibika, mtoto wa kiume anazaliwa bila askari wa kulinda mwili. Mama mwenyewe haumwi, kwa sababu X yake ya pili inamkinga. Hajui kama anabeba kitu. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

Mwaka 1971, Texas, Marekani, alizaliwa David Vetter. Kaka yake alikuwa amekufa akiwa na miezi 7. Kwa kuwa madaktari walijua habari za kaka, David aliwekwa mara moja ndani ya chumba cha plastiki kisichoingiza mikrobi, akaishi hadi miaka 12. Hakuna aliyemwita mama yake mulozi.

Najua watasema: sisi hapa tuna malaria, ukimwi, kifua kikuu na utapiamlo, hayo mengine ni ya wazungu. Ni kweli magonjwa hayo ndiyo mengi, na ndiyo ya kupimwa kwanza. Lakini hata SS tuliiita uchawi zamani, na leo watu wengi wanajua inatoka kwa baba na mama wote wawili.

Siombi leo kupandikiza uboho wa mifupa, ingawa ndiyo dawa yenyewe. Naomba swali moja kwenye CPS: mama, kwenu kuna kaka au mjomba aliyekufa akiwa mtoto mchanga? Likijibiwa ndiyo, daktari amwangalie mtoto kabla ya BCG. Chanjo hiyo inawalinda watoto wetu karibu wote, mzazi asiikatae. Ila ina mikrobi hai, na kwa mtoto asiye na kinga inaweza kuenea mwilini na kumuua.

Na mtoto mwenye nimonia ya kurudiarudia, kuhara kusikokoma na utando mweupe mdomoni, ambaye kipimo cha ukimwi kimeonyesha hana, ahesabiwe limfosaiti. Ni kipimo cha kawaida cha damu. Kwa mtoto mchanga, zikiwa chini ya 3,000 katika milimita moja ya ujazo, daktari asimrudishe nyumbani na sirapu ya kikohozi.

Majibu hayo yaandikwe kwenye fishi, na baba ayasikie akiwa amekaa pembeni ya mkewe. Dada za mtoto nao wayajue, maana kesho wataolewa.