Vijana Wamefika Lenta: Barua ya Wazi kwa Waziri wa TAMISEMI

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

YAH: MABOMA YA VIJANA YANAYONYESHEWA MVUA



Nakuandikia kuhusu maboma. Unayajua vizuri kuliko mimi, maana kila Bunge linapokaa wabunge wa majimbo mbalimbali huuliza swali lile lile: ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati ya kijiji fulani lililojengwa kwa nguvu za wananchi? Jibu nalo tumelizoea, kwamba Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana katika kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Wananchi wanaotajwa kwenye swali lile ni sisi.

Siombi boma letu la zahanati lirukishwe mbele ya maboma ya wenzetu. Ninachoomba ni kwamba kila boma ambalo vijana wamelifikisha kwenye lenta lipewe tarehe ya kupauliwa, na tarehe hiyo isomwe hadharani kijijini.

Nieleze kwanza kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu kwenye taarifa za halmashauri hugeuka maneno matatu tu, "nguvu za wananchi", kisha msomaji akahamia ukurasa unaofuata. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Matofali tunafyatua kuanzia Juni, maji yakiwa bado yapo mabondeni. Yakishakauka tunayapanga tanuru na kulichoma Agosti. Tanuru likiwashwa hakuna kulala. Vijana wanakesha kwa zamu wakisukuma magogo ndani, kwa kuwa moto ukipoa upande mmoja, matofali ya upande huo hutoka mabichi na mvua ya kwanza itayarudisha kuwa tope. Septemba na Oktoba kuta zinapanda. Kama mambo yamekwenda sawa, mvua inarudi ikitukuta tumemwaga lenta.

Hela tunatafuta wenyewe. Tunalima vibarua kikundi kizima, mwenye shamba analipa kwa eka na malipo yote yanaingia kwenye ujenzi. Vijana wa bodaboda kila siku ya gulio wanaweka kando shilingi 1,000 kila mmoja. Baada ya mavuno tunaandaa ligi ya mbuzi: timu za vijiji jirani zinalipa kiingilio, bingwa anaondoka na mbuzi wake, kinachobaki kinanunua saruji. Wenzetu waliokwenda Dar es Salaam, Mbeya na Dodoma kutafuta maisha wako kwenye kundi la WhatsApp, na kule hakuna anayetuma shilingi bila kuuliza ya mwezi uliopita ilifanya nini. Kwa hiyo kila risiti ya duka la vifaa inapigwa picha na kutumwa siku hiyo hiyo. Fedha zinakaa kwenye akaunti ya kikundi ya simu, na hazitoki mpaka viongozi watatu waidhinishe.

Halafu kuna kaunta buku la michango. Natamani siku moja ulifungue mwenyewe, Mheshimiwa, ukurasa wowote. Utaona mama aliyetoa debe la mahindi ili wachoma tofali wapate ugali. Utaona kijana wa pikipiki aliyepandisha mifuko miwili ya saruji kutoka barabara kuu bila nauli, mzee aliyeruhusu mikaratusi yake ikatwe ya kujengea jukwaa la mafundi, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeleta shilingi 500 na kutaka jina lake liandikwe kamili, la baba na la babu. Safu ndefu kuliko zote ni ya maji, na karibu majina yote yaliyomo ni ya wasichana. Udongo wa matofali unataka maji, zege linataka maji, kuta mpya zinataka kumwagiwa asubuhi na jioni, na bomba liko mbali. Ndoo zile zimebebwa kichwani kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Katika taarifa zote zinazopanda kutoka kijijini kwenda kata na kutoka kata kwenda wilayani sijawahi kuona mahali ambapo maji yale yamepewa thamani hata ya shilingi moja.

Serikali inapotoa fedha za kukamilisha boma la zahanati, kiwango tunachokisikia mara nyingi ni shilingi milioni 50, na kwa boma la darasa milioni 12.5. Ni fedha nyingi na tunazishukuru. Lakini ujenzi ukikamilika, kibao cha mradi huandikwa kiasi hicho tu. Kazi iliyotangulia, yaani msingi, jamvi, kuta na lenta, haina bei popote. Jambo lisilo na bei kwenye vitabu halimsumbui mtu likioza. Jengo la milioni 50 likiachwa wazi, mkaguzi atauliza. Boma la vijana likiachwa wazi, hakuna anayeulizwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vijiji vinaanza kuandaa vipaumbele vyao miezi ya mwisho ya mwaka, halmashauri zinapitisha bajeti mapema mwaka unaofuata, na Bunge linakaa kuzijadili kuanzia Aprili hadi Juni. Boma lililofika lenta mwezi Oktoba likiandikwa kabla ya Desemba linaweza kuingia kwenye bajeti ya Julai na kupauliwa kabla mvua hazijarudi. Litakuwa limenyeshewa msimu mmoja tu, na kuta za tofali la kuchoma zikijengwa vizuri huvumilia hivyo. Likikosa kuandikwa kwa wiki chache tu, linaingia msimu wa pili. Maji yanatuama juu ya lenta, yanashuka kwenye viungo, nyasi zinaota kwenye nafasi za madirisha. Boma letu limefika huko. Chumba tulichokichora kuwa cha kujifungulia sasa mbuzi wanajikinga humo jua likiwa kali, maana hata wao mvua ikinyesha wanakikimbia.

Sisemi kwamba kuna mtu aliyekusudia iwe hivyo. Halmashauri yetu ina vijiji vingi, maboma mengi na mapato madogo, na baadhi ya maafisa wake wamekuja mpaka eneo la ujenzi na kutushauri vizuri. Ila hakuna aliyetwambia kuhusu mwezi wa Desemba. Tungejua, tungelala mlangoni mwa ofisi ya mtendaji wa kata na muhtasari wetu mkononi.

Kwamba tarehe inawezekana tuliliona mwaka 2021. Kutoka kwenye mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali iliamua kujenga madarasa 15,000, ya sekondari 12,000 na ya shule shikizi 3,000, kila moja kwa milioni 20, ili wanafunzi wa Januari 2022 wapate pa kukaa. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi walishinda kwenye maeneo ya ujenzi, kila mmoja akijua siku anayotakiwa kukabidhi. Vijana wa vijijini walifanya kazi kwenye miradi ile, na wengi walijifunza mengi pale. Fedha zilikuwa zimeshapatikana, najua, na maboma yetu hayana mkopo wa namna ile. Hata hivyo boma lililokwisha kufika lenta linataka fedha pungufu sana kuliko jengo linaloanzia chini. Ukiyapanga yote kwa foleni iliyo wazi, hata tukiambiwa letu ni la mwaka wa tatu, tutalifunika kwa turubai na majani na kusubiri kwa amani. Kinachowaumiza vijana ni kusubiri bila kujua wako nafasi ya ngapi.

Wenzangu wanavunjika moyo namna hii: hawagomi wala hawapigi kelele. Mbiu ikipigwa, mmoja anasema ana kibarua, mwingine anasema anauguliwa, na mwaka unaofuata hata kibarua hakisingiziwi, mtu haji tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61.7, na Sera ya Maendeleo ya Vijana inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kundi hilo ni kubwa mno nchini kuachwa lijifunze kwamba mali ya umma ni kitu unachokianza na hakiishi.

Mheshimiwa Waziri, zipo sehemu ambako hali hii imejibiwa kwa nguvu. Kijana asipofika kwenye kazi ya maendeleo, mgambo wanapita kwao na kuondoka na kuku au sufuria ya mama yake. Naomba ulikataze jambo hili waziwazi, tena kwa waraka unaobandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji. Siku mgambo anapoanza kukusanya, kikundi cha kujitolea kinakufa, kwa sababu aliyekuja kwa hiari na aliyeburutwa wanaandikwa kwenye orodha moja.

Najua upande wa pili pia umewahi kujaribiwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na aliyetaka kuchangia kwa hiari akaelekezwa apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, asimpe mwalimu. Nia yake ilikuwa njema, wazazi wengi walikuwa wameelemewa na watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani. Lakini kwa kijana mwenye shilingi 2,000, nauli ya kwenda ofisini kwa mkurugenzi ni kubwa kuliko mchango wenyewe. Tunahitaji njia iliyo karibu: stakabadhi halali inayotolewa kijijini, jina la mchangiaji na kiasi chake vibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kijijini kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, kijiji kwa kijiji, mara ya mwisho hesabu zilisomwa lini.

Kuna mawili zaidi ambayo hayahitaji fedha mpya. Fedha za kukamilisha zinapofika, tunaona fundi anatoka mjini na wasaidizi wake, na vijana waliojenga ukuta ule wanakaa pembeni kutazama. Wapo kati yetu wanaojua sasa kusoma ramani, kupima kwa timazi na kufunga nondo za lenta, na wamejifunza hayo kwenye boma hilo hilo. Waelekeze wakurugenzi kwamba kazi za saidia fundi, kusomba na kupiga plasta waanze kupewa waliojitolea, kwa malipo, na maafisa wawasaidie mafundi wa kijijini kujisajili inavyotakiwa kwenye manunuzi ya umma.

Lingine ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na tunafahamu sababu: kulikuwa na vikundi hewa na mikopo isiyorudi. Sasa, kikundi ambacho kimetunza hela ya watu kwa miaka bila shilingi kupotea, chenye kaunta buku, muhtasari na picha za risiti, hakiwezi kuwa kikundi hewa. Maafisa maendeleo ya jamii waruhusiwe kuuchukua ushahidi huo na kuupa uzito wanapochuja maombi. Hivi sasa tunaulizwa andiko la biashara lililochapwa vizuri, na anayejua kuandika andiko zuri siyo lazima awe ndiye anayejua kutunza fedha.

Sijagusa suala la wahitimu wa ualimu na uuguzi wanaojitolea kwenye shule na zahanati zetu, wakila kwa michango ya wanakijiji. Linastahili barua yake peke yake. Ila zahanati yetu ikifunguliwa, mtu wa kwanza kufanya kazi mle huenda akawa mmoja wao, binti wa hapa hapa mwenye stashahada ya uuguzi, ambaye jina lake limo kwenye safu ile ya maji.

Kwa sasa vijana wananiuliza kama tufyatue tena matofali, safari hii ya nyumba ya mganga, au tungoje kwanza boma lipate paa. Ni ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji unaokuja na mimi ndiye nitakayesimama kuijibu. Naomba ofisi yako iagize halmashauri zote ziorodheshe maboma yaliyofika lenta, kila moja na mwaka wake wa kupauliwa, na nakala ifike kwa mtendaji wa kijiji kabla ya Desemba, ili niwe na karatasi ya kuwasomea.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi cha vijana,
Nyanda za Juu Kusini.