Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Kwanza Litajwe



Katika vikao vyetu vya parokia tunasema mengi juu ya sala, uchumba, wito na usafi wa moyo. Juu ya deni tunanyamaza. Hata hivyo, kati ya wale wanaoimba pamoja nasi kila Dominika, wako wanaobadilisha njia baada ya Misa ili wasikutane na mtu anayewadai. Wako pia walioacha kuja kabisa, nasi tukadhani kwamba imani yao imepoa, kumbe ni haya iliyowashika. Maandishi haya yana neno moja la kusema: kijana mwenye deni la riba kubwa anaweza kulimaliza, na njia ya kulimaliza inajulikana. Kinachomfunga si ukosefu wa fedha peke yake. Mara nyingi ni siri, na siri hiyo kikundi cha vijana kinaweza kumsaidia kuivunja.

Katika nchi nyingine kijana huingia katika deni kwa kadi ya benki inayomruhusu kununua leo na kulipa baadaye. Kwetu Kongo kadi ya namna hiyo ni ya wachache. Deni letu lina jina la utani ambalo wote wanalijua: Banque Lambert. Si benki kamwe. Haina jengo wala kibao mlangoni. Ni mtu, pengine jirani au mfanyakazi mwenzetu, anayekopesha fedha siku ileile, bila karatasi nyingi, kwa riba ambayo mara nyingi ni 30 kwa 100 kila mwezi, na kwa wengine hufika 50. Kadi ya benki nayo imepata nafasi yake humo. Tangu mishahara ya watumishi wa serikali ilipoanza kupitia benki mwaka wa 2011, wakopeshaji wamezoea kushika kadi ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri, iwe rehani. Siku ya mshahara, mkopeshaji ndiye anayetangulia mbele ya mashine ya fedha. Mwalimu kijana anaweza kufundisha mwezi mzima, kisha akangoja mtu mwingine ampatie mabaki ya mshahara wake mwenyewe.

Tusiharakishe kumhukumu. Mmoja alikopa ili alipe ada ya chuo kikuu kabla ya mtihani. Mwingine alikopa kwa sababu mama yake alikuwa amepona lakini hospitali haikumruhusu kutoka mpaka bili ilipwe. Mwingine alikuwa na msiba. Ni kweli pia kwamba wako waliokopa kwa ajili ya simu mpya, au mavazi ya sherehe ya diploma, au arusi ya kuwapendeza watu. Wazee walikwisha kusema kwamba kukopa ni arusi na kulipa ni matanga. Mbele ya dhamiri sababu hizi hazilingani. Mbele ya riba zinalingana kabisa, kwa maana riba haiulizi fedha ilifanya kazi gani.

Tufanye hesabu pamoja. Kijana amekopa dola 100 kwa riba ya 30 kwa 100 kila mwezi. Akikaa kimya bila kulipa, na riba ikaongezwa juu ya riba, baada ya miezi 6 anadaiwa karibu dola 483, na baada ya mwaka mmoja karibu dola 2.330. Wengi hawafiki huko, kwa sababu kila mwezi hupeleka riba tu, yaani dola 30, ili mkopeshaji atulie. Huyo naye, baada ya mwaka, ametoa dola 360 na bado anadaiwa zile 100 za mwanzo. Anachoka na kujiona mtu wa kulipa kila siku, lakini deni lenyewe hajaligusa.

Sasa tumtazame yule anayejibana na kutoa dola 45 kila mwezi badala ya 30. Mwisho wa mwezi wa kwanza deni linabaki 85. Mwezi wa pili, 65 na nusu. Wa tatu, kama 40. Wa nne, kama 7. Mwezi wa tano analipa dola 9 na kidogo, na mambo yamekwisha. Kwa jumla ametoa karibu dola 189. Ni nyingi kwa mkopo wa 100, lakini zina mwisho. Tofauti ya hao wawili ni dola 15 kwa mwezi. Dola 30 zinamlisha mkopeshaji. Zile 15 zinazozidi ndizo zinazoua deni.

Dola hizo 15 zitatoka wapi? Hapo ndipo siri inapofanya kazi yake mbaya. Kijana anayeficha deni hulazimika kuishi kama mtu asiye na deni. Anachanga kwenye arusi kiasi kilekile wanachochanga wenzake, ananunua kitambaa cha sikukuu kama wengine wote, anatuma fedha nyumbani kama kawaida. Hawezi kukataa, kwa sababu akikataa ataulizwa sababu. Kisha anakwenda kukopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini akiwaambia watu wawili tu wa kuaminika, tayari amepata ruhusa ya kusema: mwezi huu sitachanga, niwieni radhi, ninalipa deni.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio wazi. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane mmoja anamwendea nabii Elisha. Mume wake amekufa na kuacha deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Kwanza mama huyu analia kwa sauti, hakuficha. Kisha nabii anamwuliza ana nini nyumbani. Ana mafuta kidogo tu katika chupa. Anatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu, vingi iwezekanavyo. Mafuta yanapojaa vyombo vyote, Elisha hamwambii akimbie, wala hamwambii kwamba mdai amesahau. Anamwambia akauze mafuta, alipe deni lake, na yeye na watoto wake waishi kwa kile kitakachobaki.

Ninawaomba mtafakari utaratibu huo, kwa maana siku hizi wako wahubiri wanaowaahidia vijana kwamba deni litafutika kwa usiku mmoja wa maombi, hasa ukitoa sadaka kubwa. Katika habari hii muujiza ulikuwapo kweli, nao uliishia sokoni na mbele ya mdai, fedha mkononi. Tena majirani walihitajiwa. Bila vyombo vyao, mafuta yangekosa mahali pa kumiminwa.

Basi kijana mwenye deni afanye nini? Achukue daftari na kuandika kila mtu anayemdai, kiasi alichokopa, riba, na siku ya kulipa. Wengi hawajapata kuona jumla ya madeni yao kwenye ukurasa mmoja. Inatisha, lakini ni afadhali kuogopa namba inayojulikana kuliko kivuli. Asikope tena ili kulipa deni. Deni lenye riba kubwa zaidi lilipwe kwanza, na mengine yapewe kile cha lazima tu. Amwendee mkopeshaji kabla ya siku iliyopangwa, si baada yake, akiwa pamoja na mtu mzima anayeheshimiwa, naye aombe riba isimamishwe ili alipe mtaji kidogo kidogo. Wakopeshaji wengi hukubali wanapoona fedha mkononi na shahidi pembeni. Kila malipo yaandikwe na kutiwa sahihi. Na kama kadi yake ya benki imeshikwa, kuirudisha kuwe sehemu ya mapatano hayo tangu siku ya kwanza, na namba ya siri ibadilishwe mara moja.

Kutoroka kwenda mji mwingine hakumfai, hata kama wako waliofanya hivyo. Aliyebaki nyuma, mama au mdhamini, ndiye atakayedaiwa. Wala haitoshi kusema kwamba riba ni dhambi ya mkopeshaji, kwa hiyo sitalipa kitu. Kile ulichopokea ni cha mwenzako, na haki inadai kirudi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, anawakumbusha wakopaji wanaobembeleza siku ya kukopa na kuleta visingizio siku ya kulipa. Msamaha wa deni ni zawadi iliyo mikononi mwa mdai; mdaiwa anaweza kuuomba, hawezi kuuchukua mwenyewe.

Lakini neno lingine linawahusu wale wanaokopesha, kwa maana baadhi yao huketi pamoja nasi kanisani. Katika sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia, watu maskini wanalalamika kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Nehemia anawakemea wakubwa waache riba na kurudisha vitu vya watu, naye anakiri kwamba yeye na ndugu zake walikuwa wakikopesha pia. Riba inayotajwa pale ni sehemu moja ya mia. Sisi tunazungumza habari za 30. Mtaguso wa tatu wa Laterano, mwaka wa 1179, uliwanyima Komunyo na maziko ya Kikristu wale waliojulikana hadharani kuwa wala riba. Katekisimu ya Kanisa Katolika, namba 2269, inafundisha kwamba wafanyabiashara ambao riba na tamaa yao huleta njaa na kifo kwa ndugu zao wanashiriki katika uuaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Hayo si maneno mepesi. Yeyote anayekopesha kwa riba kama hiyo, kisha akanyosha mkono kupokea Ekaristi, ajiulize mbele ya Mungu.

Kanisa halikukemea tu. Lilitafuta pia njia nyingine. Mwaka wa 1462, huko Perugia katika Italia, Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko uliowakopesha maskini kwa rehani ndogo na kwa gharama nafuu, na mwaka wa 1515 Mtaguso wa tano wa Laterano ukaithibitisha mifuko hiyo. Mwaka wa 1900, huko Lévis katika Kanada, mlei mmoja Mkatoliki, Alphonse Desjardins, alianzisha ushirika wa akiba na mkopo kwa sababu aliona watu wakinyonywa na riba. Amana ya kwanza iliyowekwa humo ilikuwa senti 10.

Sisi tunayo likelemba, tena tunazo MUSO zenye makasha yao: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa misiba na magonjwa, la buluu kwa fedha kutoka nje. Hebu vijana 10 wachange dola 10 kila mwezi, na zamu ya kwanza wampe yule mwenye deni la Lambert. Anapokea dola 100, anaongeza 30 za riba ya mwezi huo, na siku ileile deni limekwisha. Baada ya hapo anaendelea kuchanga dola 10 zake kwa miezi 9 iliyobaki, bila riba, mpaka wenzake wote wamepata zamu. Kwa jumla ametoa dola 130. Aliyelipa peke yake kwa kujibana alitoa 189. Aliyepeleka riba tu alitoa 360 na bado anadaiwa.

Najua mtasema kwamba likelemba huvunjika, na kwamba wako wanaokula zamu yao na kutoweka. Ni kweli. Kwa hiyo zamu ya kwanza asipewe mtu ambaye hajafungua daftari lake mbele ya wawili. Awe na wadhamini wawili kutoka shirika lake. Fedha zikabidhiwe mkopeshaji mbele ya mashahidi, zisipite mfukoni. Na kianzio kiwe kidogo. Ni heri kikundi kinachochanga franka chache na kudumu kuliko kile kinachoanza kwa kishindo.

Mtasema tena kwamba siri za watu zitasambaa parokiani. Hofu hiyo ina haki yake. Kutaja deni si kulitangaza. Yatosha kila kikundi kiteue watu wawili, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, wanaojulikana kwa kufunga midomo, na wote wafahamu kwamba wanaweza kuwaendea. Atakayesengenya yale aliyoaminiwa, aachishwe kazi hiyo palepale, kwa kuwa amemrudisha ndugu yake gizani.

Ombi langu ni hili. Katika kikao kimoja cha mwezi ujao, tuache mada ya kawaida na kufanya hesabu hizi ubaoni, kila mtu aone kwa macho yake dola 100 zinavyogeuka. Kisha tuwateue hao wawili. Hatujui ni nani kati yetu aliye na deni, wala si lazima tujue. Lakini yeye mwenyewe, akiwa ameketi nyuma kimya, atajua sasa mlango upi wa kubisha. Mungu Baba, anayetusamehe deni tusiloweza kulipa, atujalie tuwe majirani wenye vyombo vya kuazima.