Abiria wa Uongo Ndani ya Matatu

Leo naongea na wewe mwenye matatu, dereva au makanga unayeabudu nasi.

Ijumaa mwanafunzi wetu mmoja wa chuo alipanda gari Migori kuja Homa Bay. Aliona limebaki kiti kimoja, akalipa. Mara abiria wa kwanza akashuka, wa pili akashuka. Kumbe waliwekwa pale kujaza gari kwa macho tu. Akakaa stejini karibu saa mbili. Kufika Rongo akauzwa kwa gari lingine kama gunia la mahindi, wakabanwa wanne kwenye kiti cha watatu, na makanga wa pili akamdai nauli upya. Alifika usiku, hana hata ya kurudi chuoni.

Utasema ni biashara, kila mtu hufanya. Mimi nasema ni uongo, hata kama mdomo haukufunguliwa. Soma Mithali 11 kuhusu mizani. Yule abiria bandia ni mizani hiyo hiyo, ila ina miguu. Na kubana watu? Sheria za Michuki za 2004 zilisema abiria 14, kila mmoja na mkanda wake.

Fungu la kumi la pesa hiyo usiniletee. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nakuomba mara moja tu. Kijana atakuwa hapo nje ya kanisa Jumapili baada ya ibada. Kama gari lako linaelekea Migori jioni, mpe kiti.