Mgonjwa wa Saratani na Sigara: Je, Tumechelewa?

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa upendo, kumbe tunamwumiza yule tunayempenda.

Tuchukue mfano wa nyumba moja pale Nyakanazi, kwenye njia panda ya magari yaendayo Rwanda, Burundi, Kigoma, Biharamulo na Kahama. Mahali kama pale sigara haikosekani usiku wala mchana, na huuzwa hata moja moja. Baba wa nyumba hiyo ana saratani ya koo. Amepimwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, akapewa tarehe ya kuanza matibabu ya mionzi. Amerudi nyumbani kujiandaa, na kila jioni humtuma mtoto dukani kununua sigara. Mkewe akinung'unika, ndugu wa mume humwambia, "Shemeji, mwache mwenzio avute. Ugonjwa umeshaingia, sigara itamzidishia nini tena?" Mama anafungua fundo la kanga, anatoa fedha. Anaogopa kuonekana hana huruma.

Tusimlaumu mama huyu. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini maneno ya mashemeji si ya kweli, na ni vizuri tujue kwa nini.

Moshi wa sigara una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa hii hukaa katika damu mahali pa oksijeni. Sasa, mionzi huua uvimbe vizuri zaidi pale penye oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo mgonjwa anayevuta siku za matibabu anaipunguza nguvu dawa aliyoifuata mbali kwa nauli ya kukopa. Tena vidonda vya upasuaji huchelewa kupona, vidonda vya mdomoni humtesa zaidi, na kifua hushikwa na maradhi upesi. Hata akipona saratani ya kwanza, yuko katika hatari ya kupata nyingine.

Mwaka 2014 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa taarifa kubwa juu ya madhara ya tumbaku. Ilieleza kwamba wagonjwa wa saratani wanaoendelea kuvuta hufa kwa wingi zaidi, na kwamba kuacha huboresha hali ya mgonjwa. Hatusemi kwamba kila aachaye atapona. Tunasema kuacha ni sehemu ya matibabu.

Mtatuuliza, "Mbona amejaribu mara nyingi akashindwa?" Ni kwa sababu nikotini iliyomo katika tumbaku huufikia ubongo kwa sekunde chache tu, na mwili huizoea. Akiikosa huwa mkali na hapati usingizi. Si ukaidi. Anahitaji msaada, na mahali pazuri pa kuuomba ni kliniki ile ile ya saratani. Mgonjwa wa mionzi huenda huko karibu kila siku kwa majuma kadhaa, na daktari wake anajua ni dawa gani haitagongana na matibabu. Huko Marekani, tangu mwaka 2017, Taasisi ya Taifa ya Saratani imevisaidia vituo 52 vya saratani ili kila mgonjwa aulizwe habari za tumbaku na kusaidiwa kuacha. Sisi tunazo Bugando na Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1996. Tusingoje kuulizwa. Tuulize sisi.

Mama anayemsindikiza mgonjwa afanye hivi:

1. Amwambie daktari au muuguzi ukweli: anavuta sigara ngapi kwa siku, na ya mwisho alivuta lini. Wagonjwa wengi huficha kwa aibu. Daktari hawezi kutibu asichokijua.

2. Aulize habari za dawa za kusaidia kuacha. Kuna vibandiko vya nikotini vya ngozini na ubani wa kutafuna kama bigijii. Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009, na vidonge vya bupropioni na varenikilini mwaka 2021. Asinunue mwenyewe bila ushauri wa daktari.

3. Wapange siku ya kuacha mapema, kabla ya mionzi au upasuaji. Siku hiyo viberiti na vibweta vya majivu vitoke nyumbani, na mtoto asitumwe tena dukani.

4. Hamu ikija, kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Ampe maji ya kunywa, watembee kidogo uani, wazungumze. Majuma mawili ya kwanza ndiyo magumu.

5. Akiteleza akavuta moja, asimtukane wala kumsema mbele ya watoto. Waanze tena kesho, na kliniki waieleze.

6. Fedha ya sigara iwekwe kwenye kopo. Itasaidia nauli ya Mwanza. Tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, lakini nauli bado ni nauli.

Nasi tujitazame. Wako miongoni mwetu wanaonusa ugoro au kuvuta kiko kama bibi zetu. Ugoro nao ni tumbaku, una nikotini ile ile. Na uvutaji ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya saratani ya mlango wa kizazi, inayowasumbua sana wanawake wa nchi yetu. Mama akiugua, yote tuliyosema yanamhusu na yeye.

Basi turudi kwa mama yetu wa Nyakanazi. Jioni hii mumewe akimwita mtoto, mama na akae karibu naye amwambie kwa upole, "Baba watoto, nikikunyima sigara si kwamba nimechoka kukuuguza. Nataka ile mionzi ikusaidie. Jumatatu tukifika kliniki, nitakusemea mimi kwa daktari."

Huo nao ni upendo. Tuwaombee wote wanaouguza, na tuwatembelee.