Mzee anaposahau: king'ora kitalia kwenye simu ya nani?

Mwaka 2018 Qatar ilizindua mpango wa taifa wa kukabiliana na dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu ambayo wengi wetu bado tunayaita uzee tu. Shirika la Matibabu la Hamad lina huduma maalumu ya kumbukumbu, ikiwemo laini ya simu kwa wagonjwa na jamaa zao. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mzee haishi kliniki. Anaishi kwenye fleti, watoto wako kazini, wajukuu wako skuli, naye amebaki na msichana wa kazi.

Hapo ndipo vifaa vya nyumbani vinapoingia. Kipo cha mlangoni kinachotuma ujumbe kwenye simu mlango unapofunguliwa. Ipo saa ya mkononi inayoonyesha mvaaji alipo. Kipo cha kukata gesi jiko likisahauliwa, na zipo taa zinazowaka zenyewe mtu anapoteremka kitandani usiku kwenda chooni. Taa ndizo rahisi kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndizo za kuanza nazo, kwa sababu hazimtaki mzee akumbuke chochote. Saa inataka kuchajiwa na kuvaliwa, na mgonjwa anaweza kuivua wakati wowote.

Kifaa cha mlangoni kina uzito wake hapa Doha. Kila kiangazi, tangu Juni 1 hadi Septemba 15, serikali inakataza kazi za juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Ikiwa kijana mwenye nguvu zake hukingwa na joto hilo, bibi aliyetoka na kanga na ndala, akitafuta njia ya kurudi kwao Malindi au Ng'ambo, hana muda mrefu.

Ila kifaa kinapiga kelele tu. Kumfuata bibi ni kazi ya mtu. Ninachokiona katika nyumba zetu ni kuwa kazi hiyo huishia kwa msichana wa kazi, usiku na mchana. Sheria ya Qatar nambari 15 ya mwaka 2017 inaweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku kwa mfanyakazi wa nyumbani, ila kwa makubaliano, na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Kumwachia king'ora cha saa 8 usiku baada ya kutwa nzima ya kupika na kufua ni kumdhulumu. Ni kumhatarisha mzee pia, maana aliyechoka hasikii.

Kuna na suala la lugha. Spika zinazozungumza na mtu, kama Alexa, zimefundishwa Kiarabu cha Ghuba tangu 2021. Lakini wako wazee wetu waliotoka Unguja baada ya 1964 na kujifunza Kiarabu ukubwani, na maradhi haya aghalabu huondoa kwanza lugha iliyokuja mwisho. Mzee anabaki na Kiswahili chake. Kwa hiyo chagua kifaa kinachokubali sauti iliyorekodiwa: "Mama, wakati wa dawa," kwa sauti ya bintiye. Jaribuni kwanza mkiwa naye, kwani wapo wanaoogopa sauti isiyo na mtu.

Kamera ndiyo ya kufikiriwa sana. Mlangoni na jikoni huenda ikafaa. Chumbani na chooni ni kumvunjia stara mzee aliyejisitiri maisha yake yote. Aulizwe mapema, angali anaweza kujibu. Na picha hizo zisizagae kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Basi kabla ya kwenda dukani, kaeni kitako ndugu wote muandike zamu: nani anapokea taarifa mchana, nani usiku, nani yuko karibu kiasi cha kufika kwa dakika 10. Mtoto aliyeko Maskati anaweza kuiona taarifa kwenye simu yake, lakini hawezi kumshika mama mkono barabarani. Zamu ikishajaa majina, nunueni kifaa. Isipojaa, pesa hizo zitafaa zaidi kumlipa mtu wa pili wa kukaa naye.