Mkono wa Usukani

Mji wetu wa Kalemie ni mji wa mafundi. Reli itokayo Kabalo ilifika hapa ziwani mwaka 1915, na tangu hapo nyundo hazijanyamaza. Basi leo tutawaeleza habari ya kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu, aliyejitengenezea motokari kwa mikono yake mwenyewe, na habari ya kosa tulilolifanya pamoja naye.

Kijana huyo alikuwa na injini ya pikipiki ya zamani, na ekseli mbili za motokari ndogo iliyokwisha kufa. Alitaka kuchukua magunia ya ndakala kutoka ufukoni hadi sokoni. Lakini injini ya pikipiki na ekseli ya motokari hazikuzaliwa nyumba moja: hakuna duka liuzalo kipande cha kuziunganisha. Hana budi mtu kukifanya. Alianza na karatasi ngumu, akaikata na kuijaribu mpaka matundu yote yakapatana. Ndipo akaiweka juu ya bapa la chuma, akachora, akatoboa kwa kekee, akasawazisha kwa tupa. Mara tatu alikata na mara tatu akatupa, kwa maana tundu likikosea milimita mbili tu, mashine hutetemeka na bolti hukatika.

Kazi hiyo si ngeni ulimwenguni. Huko California, katika Marekani, tangu miaka ya 1930 vijana walikuwa wakinunua motokari kuukuu, hasa Ford ya mwaka 1932 yenye injini ya silinda 8, wakaondoa mabati yote yasiyo ya lazima, wakajifanyia vipande visivyouzwa popote. Motokari hizo huitwa hotirodi. Walishindana mbio juu ya ziwa kavu la Muroc, na wengine, kwa upumbavu, katika barabara za watu. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana ili viwe na kanuni moja, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, ili mbio zitoke barabarani na usalama utangulie.

Sisi hatukuwa na kanuni. Ekseli ya mbele ilikosa mkono mmoja wa usukani, yaani kile chuma kifupi kinachougeuza mguu wa gurudumu. Kijana akaleta kipande cha springi ya lori, akasema, “Mwalimu, hiki ndicho chuma kigumu kupita vyote.” Nasi tukakubali, tena tulikisifu mbele ya wanafunzi wengine. Akakiunga kwa moto wa umeme. Chuma kilipokuwa chekundu bado, alitaka kipoe upesi, kwa sababu jioni ilikuwa karibu. Ndoo ya maji tulimpa sisi.

Siku ya tatu, katika mteremko, mkono ule ulikatika kando ya mahali palipoungwa. Motokari ikaingia mtaroni. Mdogo wake, aliyeketi juu ya magunia, alivunjika mtulinga.

Tulivipeleka vipande viwili kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Hakutukemea. Alivitazama juani, akasema, “Wanangu, chuma hiki hakikuinama hata kidogo. Kimevunjika kama sahani.” Kisha akapitisha tupa karibu na pale kilipovunjika: tupa ikateleza bila kung’ata. Hapo tuliona.

Sababu yake ni hii. Ndani ya chuma cha springi mna kaboni nyingi, kama sehemu 6 katika 1,000. Katika chuma laini cha kawaida hazizidi 2 na nusu. Chuma chenye kaboni nyingi kikipashwa hata kikawa chekundu, kisha kikapozwa ghafula, huwa kigumu na hukatika kwa wepesi. Mhunzi wa visu ajua hayo, naye hurudia kukipasha polepole ili kisivunjike. Sisi hatukurudia. Kwa kipande cha kushika injini, chuma laini na kinene chatosha. Lakini kwa usukani na breki mzee alisema tutafute kipande kizima cha motokari nyingine, kisichoungwa, hata kama bei yake yauma.

Kijana aliuza baiskeli yake, akanunua mkono mzima uliotolewa katika motokari iliyoanguka. Mdogo wake amepona, ingawa bado hakubali kuketi juu ya magunia, nasi hatumlaumu. Ndoo yetu ingalipo karibu na meza ya kazi. Siku hizi imejaa majivu makavu, na chuma kikitoka motoni huzikwa humo mpaka kesho yake.