Aliyetoka Gerezani na Kazi ya Shule

Katika kisiwa kidogo kama Bwejuu, wilayani Mafia, aliyetoka gerezani hajulikani kwa karatasi. Hujulikana kwa sura. Tuseme kijana aliyefungwa kwa kuvua kwa baruti amerudi, naye anaomba kazi ya ulinzi wa shule. Kamati itamgeukia mwalimu mkuu. Ajibu nini?

Wapo wasemao kwamba aliyepata kufungwa asishike kazi ya umma maisha yake yote. Sikubaliani nao. Hata Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 67, inapowazuia waliohukumiwa kugombea ubunge, haikusudii kila kosa. Hutazama hasa utovu wa uaminifu. Basi kosa na lipimwe kwa kazi inayoombwa. Mwizi asikabidhiwe sanduku la fedha. Lakini mvuvi yule amekwisha kuadhibiwa. Akinyimwa hata ulinzi, atarudia nini isipokuwa baruti ile ile?

Aliyehukumiwa kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 kwa kumdhuru mtoto, huyo asiajiriwe shuleni kamwe, hata kwa upishi, hata kama ni mjomba wa mwenyekiti wa kamati. Na kisiwani kila mtu ni mjomba wa mtu. Hapo ndipo mwalimu kijana, tena mgeni, atakapojaribiwa.